Hailali, inapewa kazi nyingine
Umeuliza kama sehemu ya ubongo ya kuona, ile ya kisogoni, hukaa bure kwa mtu asiyeona tangu kuzaliwa. Haikai. Mwaka 1996 mtafiti wa ubongo Norihiro Sadato na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wasioona tangu utotoni wakisoma nukta nundu, yale maandishi ya vidoti yanayosomwa kwa vidole, wakakuta kisogo kiko kazini. Utasema labda ni mrindimo tu usio na faida. Basi mwaka uliofuata watafiti waliivuruga sehemu hiyo kwa sumaku juu ya fuvu, na wasomaji wakaanza kukosea herufi. Kwa waliopofuka baada ya umri wa miaka 14 hivi, sumaku haikuwapoteza namna hiyo, kwa hiyo umri una uzito.

Lakini kwangu mimi vidole si ndiyo maajabu yenyewe. Mwaka 2011 timu ya mtafiti Marina Bedny ilionyesha kuwa kisogo cha asiyeona tangu kuzaliwa huchangamka hata anaposikiliza tu, na huchangamka zaidi kwa sentensi kamili kuliko kwa maneno yaliyopangwa ovyo. Yaani kinashughulika na lugha yenyewe, hakuna kugusa chochote.