Inveta ikichemka, betri husingiziwa

SWALI: Nina Prius ya 2007, gari la petroli na umeme. Mjini inakwenda vizuri, ila nikipanda mlima na abiria, pembetatu nyekundu inawaka na nguvu zinaisha. Nikiizima nusu saa inakuwa nzima. Fundi anasema tubadili betri kubwa. Nikubali? – Msomaji, Arusha

JIBU: Usitoe hela bado. Kwanza gari lisomwe kwa mashine. Ukitoka msimbo wa hitilafu P0A93, gari linalalamikia upoozaji wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota), betri haijatajwa. Kwa Prius ya toleo hilo, wa kushukiwa kwanza ni pampu ndogo ya umeme inayozungusha kulanti (maji maalumu ya kupoozea) ya inveta. Kulanti hiyo ina chupa yake, mbali na ya injini, na wengi huisahau.

Kipimo hakina gharama. Gari likiwa limepoa kabisa, fungua kifuniko cha chupa hiyo, washa mpaka taa ya READY (gari tayari kwenda) iwake, kisha chungulia. Maji yanapaswa kuchezacheza. Yakitulia kama ya mtungini, hayasukumwi. Chomoa soketi ya pampu upime kwa mita: volti 12 zikifika, pampu imekufa, zisipofika, rudi kwenye fyuzi, rilei na nyaya.

Kwa nini mlimani? Mota kubwa hapo ni ya kilowati 50. Inveta ikipoteza asilimia 3 tu ya nguvu hiyo, ni wati 1,500: pasi ya umeme iliyofungiwa kisandukuni. Kompyuta hupunguza nguvu kabla transista (swichi za umeme ndani ya inveta) hazijaungua, ndiyo maana likipumzika linapona. Usiizoee tiba hiyo, kwani kupanda na kushuka kwa joto huchosha solda iliyoshika transista.

Kubadili pampu hakuhitaji kugusa nyaya za rangi ya chungwa, zenye volti kubwa za hatari. Zima gari, ziache kama zilivyo. Jaza kulanti ya pinki ya Toyota iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya bomba huacha chokaa kwenye vijia vyembamba vya inveta. Kisha toa hewa: vika mpira mwembamba kwenye nipeli (kichuchu) ya kutolea hewa, ifungue, acha pampu izunguke huku ukiongeza kulanti hadi mapovu yaishe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pampu mpya ikikoroma, kabla hujairudisha dukani, toa hewa tena.

SWALI: Kontrola (kisanduku kinachodhibiti umeme wa mota) ya bodaboda yangu ya umeme hukata mlimani. Nifunge feni? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Feni baadaye. Angalia kama mapezi ya alumini ya kontrola, yanayotoa joto, yamejaa tope, au kama umeifunika plastiki kuzuia mvua. Isafishe, iweke penye upepo, gamba lake libane kwenye chuma cha fremu. Katikati paka pesti ya kupitisha joto, nyembamba kama karatasi. Ikiwa nene inageuka blanketi. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto kwenye nyaya na transista hufika karibu mara 4, hivyo mlimani abiria mmoja badala ya wawili ana faida kuliko feni. Kagua na viungo vya nyaya nene: kilichobadilika kuwa kahawia kimelegea.