Maswali ya wasomaji: Frankenthaler, kitambaa kitupu na rangi nyepesi

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya Mountains and Sea, kazi ya Helen Frankenthaler wa Marekani, mmoja wa wanawake waliofungua njia katika uchoraji dhahania, yaani usioonyesha vitu vinavyotambulika. Barua zilizofuata ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa namna mbalimbali: alifanyaje? Tunajibu sita.

Ninafundisha sanaa sekondari. Nataka maisha yake kwa tarehe, na nijue hasa alianza kuwa yeye lini. Vitabu vingine vinamweka pamoja na mchoraji Jackson Pollock, vingine na wachoraji wa baada yake. (Mwalimu, Kamalondo, Lubumbashi)

Mwalimu, alizaliwa tarehe 12 Desemba 1928 huko Manhattan, New York, binti wa tatu na wa mwisho wa jaji Alfred Frankenthaler. Baba alifariki mwaka 1940, lakini nyumba ilibaki na uwezo. Wanafunzi wako waambiwe hilo waziwazi, kwa sababu kukodi chumba cha kazi na kununua turubai la mita tatu si jambo la kila kijana. Shuleni Dalton alifundishwa na Rufino Tamayo wa Meksiko. Katika chuo cha Bennington, Vermont, Paul Feeley alimfundisha kuchambua jinsi tablo inavyojengwa. Alimaliza mwaka 1949. Mwaka uliofuata alikaa kwa muda mfupi kwa mchoraji na mwalimu Hans Hofmann huko Provincetown, na mwaka huohuo akakutana na mhakiki Clement Greenberg, aliyempeleka kuona kazi za Pollock.

Mwaka 1951 aliingia katika maonyesho ya Ninth Street huko New York, na Novemba akapata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake kwenye jumba la Tibor de Nagy. Hata hivyo, kazi hizo bado zina harufu ya walimu wake. Tarehe ya kuandika ubaoni ni 26 Oktoba 1952. Alikuwa ametoka safari ya Nova Scotia, Kanada, ambako alichora rangi za maji ndogondogo za milima na bahari. Akatandika turubai tupu sakafuni, upana karibu sentimita 298 na urefu 219, akachora mistari michache ya mkaa, kisha akamimina rangi ya mafuta aliyoifanya nyepesi sana kwa terebentini. Alikuwa na miaka 23.

Kuhusu Pollock: naye alitandika turubai sakafuni, lakini katika kazi zake zinazojulikana zaidi rangi ni nzito na hukaa juu ya kitambaa. Ya Frankenthaler huingia ndani, rangi na nyuzi zikawa kitu kimoja. Tuwe wa haki: katika tablo nyeusi za Pollock za mwaka 1951 rangi ilikuwa imeanza kunywewa, na Frankenthaler aliziona. Alichofanya yeye ni kulichukua lile tokeo la pembeni na kulifanya kazi yenyewe, tena kwa rangi nyingi. Mwaka 1953 wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walitoka Washington wakaja kuiona Mountains and Sea, wakarudi kwao wamebadilika. Kwa hiyo vitabu vyako vyote viwili vina haki: yeye ndiye kiungo. Tablo hiyo haikupata mnunuzi, wala hakuachana nayo. Leo ni mali ya wakfu wake na imekopeshwa kwa National Gallery of Art, Washington.

Yaliyobaki kwa ufupi: zawadi ya kwanza kwenye Biennale ya vijana ya Paris mwaka 1959, banda la Marekani huko Venice mwaka 1966, maonyesho makubwa Whitney mwaka 1969 na Museum of Modern Art mwaka 1989. Alifariki tarehe 27 Desemba 2011 huko Darien, Connecticut, akiwa na miaka 83.

Nilipunguza rangi ya mafuta kwa mafuta ya taa, nikaimimina juu ya amerikani. Siku za kwanza ilipendeza. Sasa kila doa limezungukwa na duara la njano kama tone la mawese kwenye karatasi, na kitambaa kinakatika kwenye kona. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa uchoraji, Katuba)

Duara kwanza. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Ukiiweka juu ya pamba tupu, mafuta husafiri ndani ya nyuzi mbali kuliko unga, na unga hubaki nyuma. Tazama vizuri Mountains and Sea: maduara hayo yapo hata pale. Yeye aliyakubali, wewe hukuyatarajia.

Kukatika ni jambo zito zaidi. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuruka hewani. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, na katika kazi hiyo hutoa asidi zinazokula pamba. Kitambaa huwa cha kahawia, kisha hupoteza nguvu, na kinaanza kuvunjika pale kilipokunjwa. Gundi na rangi ya msingi ambazo wachoraji hupaka kabla ya kuanza kazi zipo hasa kwa ajili ya kuzuia mafuta yasifike kwenye nyuzi. Mafuta ya taa nayo yamekuongezea shida: huacha mabaki yenye ulaini, na tablo hukaa na kunata wiki nzima. Terebentini ni bora, ila ukizidisha, unga hukosa cha kuushika. Pitisha kidole kikavu, utaona rangi inatoka nacho. Mvuke wa vimiminika hivi ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo mbabula (jiko la makaa) isiwe chumba kimoja na kazi hiyo, hata kama ni Juni na baridi inauma. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani viweke ndani ya kopo la maji: vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Frankenthaler mwenyewe alianza kuhamia akriliki, rangi inayopunguzwa kwa maji, mwaka 1962, na sisi tunakushauri uanzie hapo. Chukua amerikani nzito ya pamba. Magunia ya siku hizi ya unga ni ya plastiki na hayanywi chochote. Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake wa Katanga walichora juu ya magunia, lakini yale yalikuwa ya nguo. Fua amerikani mara mbili kwa maji ya moto na sabuni ili wanga wa kiwandani utoke nayo isinywee tena baadaye. Dondosha tone la maji: likipotea ndani ya sekunde chache, kitambaa kiko tayari, likikaa juu, fua tena. Pima sentimita 20 za ziada kila upande. Frankenthaler mara nyingi aliamua mipaka ya tablo baada ya kumimina, akakata. Asiyejiachia nafasi ya kukata hujifunga mapema.

Tandika sakafuni juu ya shuka kuukuu. Wengi hutandika plastiki ili kulinda sakafu, na hapo ndipo kazi huharibika: rangi inayopenya hunaswa chini, hufuata mikunjo ya plastiki, na mikunjo hiyo hutokea juu. Changanya kijiko 1 cha akriliki, kijiko 1 cha kimiminika cha akriliki kisicho na rangi, na vijiko 4 vya maji. Kama hicho kimiminika hakipatikani, usivuke vijiko 3 vya maji kwa kijiko cha rangi. Tone mbili tatu za sabuni ya vyombo kwa lita husaidia rangi kuingia. Ukizidisha utapata povu, na povu huacha vitundu. Andaa kama nusu lita kwa kila mita ya mraba na uichuje kwa soksi ya nailoni. Donge moja tu likianguka katikati ya doa halifichiki.

Ukitaka ukingo laini, nyunyizia kitambaa maji kwanza. Ukitaka ukingo mkali, mimina kwenye kikavu. Sogeza rangi kwa sponji au mpira wa kusukumia maji sakafuni. Rangi mbili mbichi zinaweza kukutana vizuri, lakini ya tatu ikiingia kabla hazijakauka utapata tope. Acha kitambaa kilale saa 24, na siku mbili kati ya Novemba na Machi, ukiingiza hewa, maana pamba mbichi hushika ukungu. Usikitoe juani: kingo hutangulia kukauka, huvuta unga wa rangi, na unabaki na mstari mweusi pembezoni usioutaka.

Rangi ya maji ya ukutani ina chaki nyingi na gundi kidogo; ikipunguzwa hugeuka vumbi jeupe. Kwenye kopo la akriliki soma alama ya unga: PB15 kwa bluu, PY42 kwa njano ya udongo, PV19 kwa waridi hadi zambarau. PR83 iepuke. Rangi nyepesi hufifia haraka kuliko nzito, na PR83 haivumilii mwanga.

Na jambo ambalo vipimo havikusaidii: acha mahali patupu. Katika Mountains and Sea sehemu kubwa ni turubai lisiloguswa, na ndilo linaloshikilia zile rangi. Wanaoiga mbinu hii hushindwa hapo mara nyingi kuliko kwenye mchanganyiko.

Je, angejulikana bila Greenberg na bila mume maarufu? (Mama msomaji, Kampemba)

Mama, Greenberg alimfungulia milango, hilo halifichiki. Ndiye pia aliyewaleta Louis na Noland, kisha mwaka 1960 akaandika makala kubwa juu ya wale wanaume wawili. Njia ya Frankenthaler ikapewa majina yao kwanza. Mchoraji Robert Motherwell alimuoa Frankenthaler mwaka 1958, wakaachana mwaka 1971. Frankenthaler alishamaliza Mountains and Sea miaka sita kabla ya ndoa. Katika maonyesho ya Ninth Street walikuwapo pia Joan Mitchell, Grace Hartigan na Elaine de Kooning. Frankenthaler hakupenda kuitwa "mchoraji mwanamke"; alitaka neno la kwanza peke yake. Tunaona alikuwa na haki.

Mimi ni fundi mbao. Nimeona chapa zake za mbao zinazofanana na rangi ya maji. Mbao inatoaje wepesi ule? (Ruashi)

Swali zuri kuliko yote, fundi, kwa sababu wengi humjua kwa turubai tu. Alianza chapa za mawe mwaka 1961 katika karakana ya Tatyana Grosman, Long Island. East and Beyond ya mwaka 1973 ndiyo chapa yake ya kwanza ya mbao. Badala ya kuchonga mistari, alikata tripleksi (plaiwudi) vipande kwa msumeno mwembamba, kila kipande kikapakwa wino wake, kisha vikapangwa pamoja. Kufikia Madame Butterfly ya mwaka 2000, pamoja na mchapaji Kenneth Tyler, kazi moja ilitumia vibao 46 na rangi 102.

Wepesi unatoka kwenye tabaka. Changanya wino na kilainishi kisicho na rangi, sehemu 4 kwa 1 ya wino, na uchape moja juu ya nyingine ukianza na iliyofifia zaidi. Lowesha ubao na uusugue kwa brashi ya waya kufuata mishipa: sehemu laini hulika, ngumu hubaki, na mishipa hutokea kwenye karatasi. Msasa hulainisha pale usipotaka mishipa ionekane. Karatasi iwe na unyevu, nawe uwe na alama mbili za kuchonga za kuiegemeza kwenye kila kibao, mahali palepale. Kinachoharibu hapa ni karatasi kukauka kati ya tabaka: hupungua milimita moja au mbili, na rangi ya tano haikutani tena na ya kwanza. Ifunge ndani ya plastiki pamoja na karatasi nyingine mbichi mpaka zamu yake.

Mbona mnamsifu mtu wa New York? Wazee wetu wa Le Hangar walichora bila brashi kabla yake. (Papa wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Papa, ni kweli kwamba Pierre Romain-Desfossés alifungua Le Hangar, karakana ya uchoraji, hapa Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1946, na kwamba Bela Sara, mmoja wa wachoraji wake, alichora kwa vidole. Lakini Bela aliweka alama za vidole moja moja, rangi ikikaa juu, na viumbe vyake vinatambulika. Ni swali lingine kabisa la uchoraji, wala halihitaji Frankenthaler ili liwe na thamani. Bela na mwenzake wa Le Hangar, Mwenze Kibwanga, watapata kurasa zao.

Nina tablo ya aina hii, mita mbili, inakwenda Kolwezi kwa barabara. Niikunje vipi? (Katuba)

Usiikunje kabisa, iviringishe. Ng'oa misumari, toa fremu, na utafute bomba la karatasi ngumu au la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Livike karatasi nyeupe, kamwe si gazeti, maana wino wake huhamia kwenye kitambaa. Upande wa rangi utazame nje: hivyo rangi hunyooshwa kidogo, wakati ikitazama ndani husongamana na kufanya mikunjo isiyotoka. Weka karatasi nyingine juu yake, kisha plastiki nje, na ufunge ncha dhidi ya vumbi. Bomba lilale, lisisimame. Likifika, lifunguliwe siku ileile na kitambaa kikae bapa usiku mzima kabla ya kurudishwa kwenye fremu. Ukivuta, anzia katikati ya kila upande ukielekea kona, na usivute sana, kwa sababu pamba isiyo na rangi ya msingi hulegea na kukaza kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na iliyovutwa mno hupasuka kwenye misumari.