Marehemu aliahidi gari lake kwa wagonjwa. Nilitoe lenyewe au niliuze?

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Minnesota, Marekani. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa saratani. Alizaliwa Taita, na utotoni kila Pasaka alikuwa akisimama kando ya barabara kutazama magari ya Safari Rally yakipita. Ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1971, aliyoinunua ikiwa mbovu akaitengeneza mwenyewe gerejini kwetu, wikendi baada ya wikendi. Akiwa kitandani alinishika mkono akasema gari lake liwasaidie wagonjwa wa kituo kile kilichomuuguza. Sasa kampuni moja inayokusanya magari ya msaada imenipigia simu: watakuja kulivuta bure, nisaini hati tu, nami nitapata punguzo la kodi. Kijana wetu hanisemeshi tangu alipolisikia hilo. Shemeji yangu aliyeko Voi naye anasema mali ya ndugu yake haitolewi kwa watu baki. Nifanyeje? – Mama K., Minnesota*

Marahaba, Mama K. Pole sana kwa msiba. Hao waliokupigia simu waambie wasubiri, na usisaini kitu chochote kwa sasa.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyoielewa, mumeo aliwaachia wagonjwa msaada. Gari ndilo alilokuwa nalo mkononi la kusaidia. Kwa hiyo tuulizane: ni njia gani itawafikishia wagonjwa pesa nyingi zaidi? Mimi nasema liuze wewe mwenyewe, kisha upeleke pesa kituoni.

Kampuni za kuvuta magari ya msaada nyingi huyapeleka kwenye mnada wa jumla, ambako gari lako litapangwa mstari mmoja na magari yaliyochoka. Likiuzwa huko, kampuni hukata chake kwanza, na kinachobaki ndicho kinachofika kwa wagonjwa. Punguzo la kodi nalo si kama walivyokueleza. Sheria ya Marekani inasema shirika likiliuza gari ulilotoa, kwa kawaida unachoruhusiwa kudai ni bei waliyouzia, hata kama thamani yake sokoni ni mara tano ya hiyo. Bei hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye fomu 1098-C watakayokutumia. Thamani kamili hukubaliwa pale shirika linapolitumia gari kwa kazi zake, au kulifanyia matengenezo makubwa, au kumpa mhitaji. Sasa kituo cha wagonjwa kitafanyia nini gari la viti viwili? Halafu kama wewe ni katika wale wanaochukua punguzo la jumla badala ya kuorodhesha makato yao moja moja kwenye ripoti ya kodi, punguzo lenyewe hulipati kabisa.

Ukiliuza mwenyewe mambo ni mengine. Kama gari lilikuwa kwa jina lake peke yake, kodi ya faida itahesabiwa kuanzia thamani ya gari siku aliyofariki. Ile bei ndogo aliyolinunulia haihesabiwi tena. Ukiuza karibu na thamani hiyo, faida ya kutozwa kodi huwa ndogo au haipo kabisa. Unawaandikia kituo hundi, wanakupa risiti, na hakuna mtu wa katikati. Ila anza na mirathi, hati ya umiliki iingie jina lako, kisha umwonyeshe mtaalamu wa kodi makaratasi yote.

Na usiliuze kwa jirani wa kwanza atakayebisha hodi. 240Z ndilo gari lililoshinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Watu wanalitafuta dunia nzima. Mwaka 2020 moja la mwaka 1970, lililotunzwa kupita kiasi, liliuzwa dola 310,000 kwenye mnada wa intaneti. Lako usilitegemee bei hiyo, lakini tafuta mthamini anayeyajua magari ya kale. Atafungua boneti na kusoma kibati chenye namba ya chesisi na ya injini, kisha aangalie kama namba ya injini inalingana na ile iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Zikilingana, bei inapanda. Atachungulia kutu chini ya betri na kwenye sakafu. Atauliza pia risiti za vipuri, kwa hiyo pekua kila droo ya gereji kabla hujasafisha.

Hapo ndipo unapomhitaji kijana wako. Sidhani amekununia kwa sababu ya pesa. Amempoteza baba, halafu akasikia kwamba gari walilokuwa wakilizunguka pamoja linakuja kuvutwa na watu wasiomjua. Hakuulizwa, Mama K., na hilo linauma. Mketishe, mweleze maneno ya baba yake kama yalivyotamkwa kitandani, maana huenda hajawahi kuyasikia. Kisha mwombe akusaidie kuliuza: apige picha, aliwashe mthamini akija, aandike ni kabureta ipi ilibadilishwa na lini. Akitaka kulinunua kwa bei ya mthamini, hata kwa kulipa kidogo kidogo, mimi ningekubali, na pesa hizo ziende kulekule kituoni. Asipoweza, sanduku la spana za baba yake liwe lake. Vitu vya asili vya gari, kama usukani, msing'oe.

Shemeji mpigie wewe kabla hajasikia kwa wengine. Mpe heshima yake, mpe habari kamili, wala usimwombe ruhusa. Mgao wa mirathi unafuata sheria ya huko uliko. Mwambie pesa zitatolewa kwa jina la ndugu yake, na umtumie nakala ya barua ya shukrani ya kituo ikifika.