Muulize Karani: Mbwa amerudishwa, pesa ni za nani?

*Mzee Karani, shikamoo.*

*Mimi naishi Mikindani na nyuma ya nyumba yangu nafuga mbwa wa ulinzi. Jike langu la German Shepherd alizaa, na watoto walipofika wiki nane nikaanza kuuza. Jamaa mmoja wa Nyali akachagua dume kwa shilingi 35,000. Akanitumia 20,000 kwa M-Pesa, zilizobaki akaahidi mwisho wa mwezi. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, tukatia sahihi, jirani akawa shahidi. Tuliandika hivi: mbwa ni German Shepherd halisi, amepata chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, mnunuzi akishindwa kumfuga asimuuze wala kumgawa, amrudishe kwangu, pesa ikishalipwa hairudi, salio ni mwisho wa mwezi.*

*Wiki ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti kwamba mama mkwe wake kashuka na basi kutoka Lamu, kakataa kukanyaga ua lenye mbwa, na nyumbani hakukaliki. Nikamjibu sawa, mlete, lakini pesa hairudi na salio langu nalitaka. Akanyamaza. Kesho yake natoka sokoni Kongowea nakuta mbwa kafungwa kwa kamba ya nailoni kwenye geti langu, hata maji hana. Jioni ndipo akaanza: ati mbwa ni mgonjwa, ati si halisi, nirudishe 20,000 la sivyo atanipeleka polisi. Je, mkataba wangu una nguvu? Salio naweza kumdai? Na mbwa naweza kumuuzia mtu mwingine?*

*— Mfugaji, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Polisi tuwamalize kwanza, maana naona ndio waliokunyima usingizi. Ugomvi wa bei ya mbwa ni madai baina ya watu wawili, si jinai. Kituoni wanaweza kuandika malalamiko yake kwenye kitabu, lakini si kazi yao kukukusanyia wala kukudai deni. Lingekuwa jambo lingine kama ulichukua pesa za mbwa ambaye hayupo. Wako yupo, na bwana huyo amekaa naye wiki tatu.

Mkataba una nguvu. Nilikaa kaunta ya masjala ya mahakama miaka mingi, na karatasi za daftari nimezipokea nyingi kuliko zile za mhuri wa wakili. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayatetewi kortini mpaka kuwe na maandishi, au sehemu ya malipo, au mnunuzi awe amepokea mali. (Mia mbili! Sheria ni ya zamani, siku hizi hiyo hainunui hata nusu kilo ya nyama.) Wewe unayo yote matatu. Hapo huna wasiwasi.

Wasiwasi uko kwenye kile mlichoacha kuandika. Umeandika mbwa arudi kwako, na umeandika pesa hairudi, ila hukuandika mbwa akirudi hesabu inakuwaje. Wewe unasoma kwamba mbwa anarudi na pesa inabaki. Yeye atasoma kwamba ile ya pesa ni ya mtu aliyebadili nia tu, na ile ya kurudisha ni habari nyingine. Na maneno yakiwa na tafsiri mbili, mahakama huelekea kumwegemea yule ambaye hakuyaandika. Aliyeshika kalamu ni wewe.

Halafu jiweke mbele ya mwamuzi. Atakuuliza: mama, mbwa unaye? Ninaye. Elfu ishirini unazo? Ninazo. Na unataka elfu kumi na tano zaidi? Ndiyo. Kisha umuuze tena kwa elfu thelathini na tano? Hapo utakuwa umepata elfu sabini kwa mbwa mmoja, na sijaona mwamuzi anayeacha hesabu ya namna hiyo ipite. Sheria ya mikataba humlipa mtu hasara aliyoipata kweli, na humtaka ajitahidi kuipunguza. Kwa hiyo usiende kudai lile salio kama salio. Dai hasara yako.

Nikupe mfano wa namna inavyopigwa. Tuseme unamuuza tena kwa 28,000, kwa kuwa sasa amekua na watu wanapenda wadogo. Ukijumlisha na zile 20,000 unazo 48,000. Toa gharama ulizotumia tangu arudi, tuseme 7,000 za daktari na chakula, zinabaki 41,000. Haki yako ilikuwa 35,000. Basi 6,000 ni zake, mrudishie, na uandike mmemalizana. Ukimuuza kwa bei ya chini sana ukapungukiwa, hapo ndipo una cha kumdai. Huu ndio msimamo ambao ningeutetea mbele ya mtu yeyote, na nadhani ukimwonyesha jamaa hesabu hii kwenye karatasi, nusu ya hasira zake zitaisha.

Sasa hayo madai yake ya ugonjwa na uhalisi. Ule ujumbe wa mama mkwe usiufute kwa namna yoyote! Sababu ya kwanza aliyoitoa, kwa sauti yake mwenyewe, ni mambo ya nyumba yake, na hayo aliyajua kabla hajanunua. Nyumba za Waislamu hapa pwani zisizotaka mbwa karibu si siri kwa mtu wa Mombasa. Ugonjwa aliukumbuka baada ya kuambiwa pesa hairudi. Mwamuzi yeyote ataliona hilo. Uache kwenye simu yenyewe, uuandike neno kwa neno kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa, na uchapishe mazungumzo yote ya WhatsApp, pamoja na yale uliyojibu wewe kwa hasira.

Lakini usijidanganye kwamba "pesa hairudi" inakukinga na kila kitu. Mbwa aliyeuzwa akiwa mgonjwa, au asiyelingana na maelezo aliyouziwa kwayo, ni kosa la muuzaji hata mkiandika vipi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haimruhusu anayefanya biashara kumfanya mteja asaini kuiacha haki hiyo. Na wewe, ukiuza uzao baada ya uzao, ni mfanyabiashara hata kama huna bango.

Kwenye uhalisi ndipo nakuona dhaifu. Umeandika halisi. Una karatasi za ukoo kutoka East Africa Kennel Club kule Nairobi? Kama unazo, zitoe na mjadala umekwisha. Kama huna, kusanya ulicho nacho: picha za mama na baba, jina la aliyekuuzia jike, ujumbe wa siku mlipopandisha. Kinachokusaidia ni kwamba jamaa alikuja, akamwona mbwa, akamchagua mwenyewe na kukaa naye wiki tatu bila kulalamika. Mtu anayekaa na mali kupita muda wa kutosha bila kusema anaikataa, sheria humhesabu kuwa ameikubali. Hapo hawezi tena kuirudisha na kutaka pesa yote. Anaweza kudai fidia tu, na lazima athibitishe kasoro. Uzao ujao, kama karatasi huna, andika "wazazi wote wawili ni German Shepherd na mnunuzi amewaona", uache neno halisi.

Ugonjwa nao una hesabu yake. Mpeleke leo, si kesho, kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, umwombe ripoti ya maandishi: uzito, joto, kinyesi, ngozi, na hali ya shingo pale kamba ilipokaa. Piga picha ya shingo hiyo kabla hujampaka dawa yoyote. Beba kadi ya chanjo. Ugonjwa unaoogopwa kwa mbwa wachanga ni parvo, wa kutapika na kuhara damu, na dalili zake kwa kawaida huanza kati ya siku tatu na saba tangu mbwa ameambukizwa, mara chache hufika wiki mbili. Kama aliondoka kwako mzima na akaugua wiki ya tatu, basi aliupatia huko, na daktari anaweza kuandika hivyo.

Na tafadhali usimrudishe kwa mama yake na ndugu zake kabla daktari hajasema. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi. Mtenge upande mwingine wa ua, bakuli lake liwe lake peke yake, sakafu uioshe kwa jiki iliyozimuliwa kipimo kimoja kwa thelathini cha maji, na wewe ubadilishe ndara ukitoka kwake. Dettol haitoshi, ingawa nyumba nzima itanukia.

Risiti zote weka. Siku hiyohiyo mwandikie jamaa ujumbe mfupi, usio na matusi: mbwa nimempata getini tarehe fulani, namhifadhi, sijakubali kwamba mauzo yamevunjika kwa kosa langu, una siku saba kuja kulipa salio umchukue, zikipita nitamuuza kwa bei nitakayoipata na tutafanya hesabu. Sheria ya uuzaji inamruhusu muuzaji ambaye hajamaliziwa pesa na bado ameshika mali kuiuza tena baada ya kutoa notisi na muda wa kutosha. Wewe hauko sawasawa na huyo, kwa kuwa mbwa alishatoka mikononi mwako akarudi, lakini ukifuata njia ileile hakuna atakayekulaumu. Usimuuze kimyakimya. Hilo ndilo litakaloharibu kesi nzuri.

Akikataa kila kitu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Hapa Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili chako cha kawaida, kanuni kali za ushahidi hazitumiki, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kufungua ni kwa mtandao. Kama simu inakusumbua, vijana wa saiba wameshazoea. Ukimshtaki, naye anaweza kuleta dai lake la 20,000 katika kesi hiyohiyo, ndiyo maana nakuambia hesabu yako iwe safi kabla hujaanza. Rufaa huenda Mahakama Kuu, tena kwa hoja za kisheria tu.

Mimi ningepitia kwa chifu kwanza, au mzee wa mtaa mnayemheshimu wote wawili. Pesa yenyewe mnayogombania, ukishapiga hesabu, ni elfu chache.

*Mzee Karani, nilinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara Likoni kwa 6,000. Siku ya nne akafa kwa kuhara damu. Hatukuandikiana chochote. Muuzaji anasema akishatoka mkononi kwake si wake tena. Nimeumia na watoto wanalia.*

*— Baba Wawili, Likoni*

Pole sana, bwana, na watoto wape pole.

Mkataba wa mdomo ni mkataba, hasa ukishalipa na kupokea. Siku nne ni chache mno. Kwa nilivyoeleza hapo juu kuhusu parvo, mbwa aliyekufa siku ya nne karibu hakika alitoka kwa muuzaji akiwa nao tayari. Tatizo ni kuthibitisha kwamba ni parvo na si sumu ya panya aliyoiokota uani. Je, daktari alimwona? Kama alimpima, hata kama alichelewa kumtibu, omba aandike. Kama hakuna daktari na umeshamzika, watafute walionunua ndugu za huyo mbwa. Muuzaji wa barabarani huwa na boksi zima, na wakiwa wawili watatu wamekufa kwa dalili zilezile wiki ileile, una mashahidi wazuri.

Usitarajie zaidi ya zile 6,000 na alichokutoza daktari. Anza kwa kumtumia madai kwa maandishi, umpe wiki. Kama hujui jina lake, fungua ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyomlipa: jina lililotokea pale ndilo utakaloandika kwenye fomu ya mahakama.