Muulize Bwana Afya: Karatasi ya mauzo haina mstari wa moshi

*Shikamoo Bwana Afya. Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Usoke, Urambo. Juzi kijiweni nilibishana na mjomba wangu. Nilionyesha kwenye simu picha ya mji mmoja wa China, mchana kweupe lakini magari yamewasha taa kwa ajili ya moshi. Nikasema hawa ndio wanaoiharibu hewa ya dunia, wafungiwe viwanda vyao. Mjomba akacheka, akasema moshi ule ni wangu mimi niliyeshika simu. Kijiwe kizima kikamshangilia. Naomba unitetee, na kama mjomba yuko sahihi, nieleze yuko sahihi vipi. Ni mimi Mchoma Tumbaku, Usoke.*

Marahaba, kijana wangu. Kukutetea siwezi. Mjomba wako kakushinda, ila nadhani hata yeye hajui kakushinda kwa magoli mangapi.

Machi 2017 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Qiang Zhang wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Walichukua mwaka mmoja, 2007, wakakadiria vifo vya mapema vinavyoletwa na chembechembe laini za moshi, zile ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo mara thelathini hivi. Pua haiikamati, kikohozi hakiitoi. Inashuka hadi mwisho wa mapafu na nyingine inaingia kwenye damu. Vifo vilikuwa milioni 3.45 dunia nzima. Ndipo wakauliza swali la mjomba wako: kitu kilichotoa moshi huu kilikwenda kutumiwa na nani? Jibu likawa kwamba vifo 762,400, yaani asilimia 22, vilitokana na bidhaa na huduma zilizozalishwa sehemu moja ya dunia ili zitumike sehemu nyingine.

Sasa weka namba mbili pamoja, maana hapa ndipo hoja yako ya kijiweni inapokatika. Moshi uliotoka China ukapeperushwa na upepo hadi Ulaya Magharibi na Marekani ulihusishwa huko na vifo zaidi ya 3,100. Manunuzi ya watu wa Ulaya Magharibi na Marekani yalihusishwa na vifo zaidi ya 108,600 ndani ya China. Wao wanalalamikia ule wa upepo.

Na wewe ulikuwa unawalaumu huku umeshika simu. Igeuze uangalie mgongoni imeandikwa imetoka wapi. Ukimaliza, tazama juu kwenye bati la nyumba: hizo koili za chuma zilikuja kwa meli, zimeyeyushwa kwenye tanuru ambalo wewe hukulinusa. Sisemi mna hatia sawa, wewe na mtu wa Chicago anayebadilisha simu kabla kioo hakijapata mkwaruzo. Simu moja Usoke inapita mikono mitatu kabla ya kufa. Ila mlango mliopitia ni mmoja.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Biashara imepata njia ya kulichuma janga likaliwa na wa mbali. Kuna hata mkubwa mmoja aliyeliandika hilo waziwazi. Desemba 1991 Lawrence Summers, akiwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia, alitia saini waraka wa ndani uliosema, kwa hesabu ya uchumi, kwamba nchi za Afrika zenye watu wachache zina uchafuzi mdogo mno kuliko inavyofaa. Ulipovuja na watu kuwaka, ikaelezwa kwamba ilikuwa kejeli. Inawezekana. Mimi nimeusoma mara nyingi na naona kejeli yenyewe ina hesabu zilizonyooka sana.

Lakini nisingekujibu kwa urefu huu kwa sababu ya simu. Ninataka tuzungumze kuhusu bani lako, hilo banda unalokaushia tumbaku.

Tumbaku yetu ni ya mvuke, hilo unalijua kuliko mimi. Moto unawaka tanuruni, joto linapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolala chini ya fito, na moshi unatoka nje kwa dohani. Jani halitakiwi kuonja hata harufu yake. Bomba likitoboka nawe umesinzia, asubuhi jani limenusa moshi, na sokoni mteuzi wa madaraja akilipeleka puani mara moja tu, daraja limeshuka. Ndiyo maana kabla ya msimu unakagua mabomba moja moja na kuziba matundu kwa udongo. Unalikinga jani siku tano, sita, mpaka saba, usiku na mchana.

Na mdomo wa tanuru umeelekea wapi? Umeelekea kwako, ulipokaa na gogo lako la mti wa mtundu ambalo halijakauka vizuri, maana miti ya karibu imekwisha na hii umeinunua kwa lori wiki iliyopita. Jani linakingwa moshi, mchochezi hakingwi. Jani lina mnunuzi aliye mbali ambaye hataki kunusa. Likitoka Tabora linakwenda kusindikwa Morogoro, kisha bandarini, kisha linavutwa na mtu ambaye mataifa mengi sasa yanamtaka atoke nje kwanza ndipo awashe, asije akamkera jirani kwa moshi. Moshi wake umetungiwa sheria. Wa kwako je? Kijana wangu, kwa huyo mvutaji, wewe ndiye China.

Chukua karatasi yako ya mauzo ya msimu uliopita. Ninazo mbili hapa mezani, za jamaa zangu. Kuna uzito wa robota, kuna daraja, kuna bei kwa dola. Kisha makato: mbolea, dawa, riba ya benki, ushuru wa chama cha msingi, hadi nyuzi za kufungia marobota. Nyuzi zina mstari wake! Kuni hazimo, hizo ulilipa mwenyewe. Usiku saba wa macho mekundu haumo. Kifua cha mkeo hakimo. Si kwamba karani wa chama ni mwizi; kaandika kila alicholetewa risiti. Moshi hautoi risiti, kwa hiyo bei ya mnunuzi inatoka safi, kama bei ya simu yako ilivyotoka safi.

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Mwaka 1987 nilikuwa kijijini huko huko Urambo, nina baiskeli na daftari la zahanati. Usiku mmoja wa Februari nilipita kwenye bani la mama ambaye mumewe alikuwa safarini. Alikuwa usiku wa tatu anachochea peke yake, mtoto mgongoni. Kila alipoinama kusukuma gogo, kichwa cha mtoto kilianguka begani, usawa wa moshi. Nilikaa naye robo saa nikiwa nafuta macho kwa leso, nikamwambia ampeleke mtoto kwa jirani, nikaondoka. Asubuhi akaja zahanati, mtoto kifua kinabana, mbavu zinaingia ndani. Nikatibu, nikaandika. Safu ya chanzo nikajaza neno moja: baridi. Leso yangu yenye masizi ilikuwa bado mfukoni. Daftari halikuwa na mahali pa kuandika moshi, nami sikuchora mstari.

Kwa hiyo ukiniuliza nani afungiwe, sijui nianze na nani. Ulaya wameanza kuongeza mstari mmoja: kuanzia Januari 2026 saruji, chuma, alumini na mbolea zinazoingia kwao zinadaiwa malipo ya hewa ya ukaa iliyotolewa kiwandani. Ni mwanzo, lakini ni mstari wa hewa ya ukaa, si wa masizi yaliyomo kifuani mwa mtu, na fedha yake inabaki Ulaya. Ni kama mteuzi akukate kwa sababu unakohoa, kisha fedha aweke mfukoni.

Wewe msimu huu fanya haya. Kata kuni mapema zikauke miezi sita, kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Pandisha dohani ipite paa la bani. Mdomo wa tanuru uwe na mlango, na ukae upande upepo unakotoka. Watoto na wajawazito wasichochee, hata kwa zamu moja. Na chama chenu kikikaa na wanunuzi kujadili bei, mtu mmoja asimame aulize nani analipia bani lenye tanuru la kisasa linalokula kuni kidogo. Asimame mjomba wako, naona ana mdomo.

*Bwana Afya, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Nina kibanda cha betri za magari. Kuna mteja ananunua madini ya risasi ya ndani ya betri, yaliyokwisha kuyeyushwa, bei yake ni nzuri kuliko betri nzima. Anasema inakwenda Dar kupanda meli. Nayeyushia uani kwa mkaa, usiku ili majirani wasilalamike. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na amekuwa akiumwa kichwa na tumbo. Je, kuna uhusiano? Ni mimi Fundi Betri.*

Fundi, barua yako nimeijibu kwa simu siku ile ile ilipofika, na hapa narudia kwa ajili ya wengine. Zima jiko hilo leo. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa unazifikia bila shida, na ndiyo maana kazi inaonekana rahisi. Mvuke na vumbi lake vinatua kwenye ndoo, kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye mikono ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mjamzito inapita hadi kwa mtoto. Kuumwa kichwa na tumbo kuna sababu nyingi, lakini mama aende kliniki na amwambie mkunga wazi kwamba uani kunayeyushwa risasi, aulize kipimo cha damu. Asipoulizwa asikae kimya. Uani usifagie kukavu: mwaga maji kwanza. Nguo za kazi zisiingie chumbani, na zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Betri uza nzima, na maji yake ndani.

Kwa nini huyo mteja anakulipa vizuri ukiyeyusha wewe? Kwa sababu umemwondolea sehemu mbaya ya kazi. Mchezo huo unachezwa na mataifa pia. Mwaka 2008 Marekani ilibana kiwango cha risasi kinachoruhusiwa hewani kutoka maikrogramu 1.5 kwa mita ya ujazo hadi 0.15. Hewa ya huko ikawa nzuri zaidi, na betri chakavu nyingi zikavuka mpaka kwenda kuyeyushwa Mexico. Wachumi waliofuatilia wakakuta watoto wengi zaidi karibu na viwanda vya Mexico wakizaliwa na uzito pungufu. Na si lazima twende mbali. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza mwaka 2007 katikati ya makazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe anayenyonya ana risasi kwenye damu. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikazunguka kwenye rufaa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Kiwanda kile kilikuwa na lango na mlinzi. Chako kina ukuta wa matofali mabichi na dirisha la chumba cha kulala.

*Bwana Afya, nina gari la mtumba, nafanya teksi hapa Tabora mjini. Fundi ananishauri nitoe masega kwenye ekzosi, gari litakuwa jepesi, na masega yenyewe yana mnunuzi. Nikubali? Ni mimi Dereva, Kiloleni.*

Usikubali. Masega ndiyo yanayopunguza sumu ya moshi kabla haujatoka. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya, ndiyo maana mnunuzi yupo. Na yakishanunuliwa hayabaki Tabora. Kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, asilimia 40 hivi yakaja Afrika, na wakaguzi wa Uholanzi walikuta mengine yameshang'olewa masega kabla ya kupanda meli. La kwako limefika nayo, una bahati. Gari likiwa zito, mwambie fundi aangalie plagi na kichujio cha hewa kwanza. Ni kazi ya nusu saa, labda ndiyo maana hakuitaja.

Barua mbili kuhusu kisima cha Ng'ambo nimezipata. Nasubiri majibu ya maji, nitajibu toleo lijalo.