Apgredi na neti ya kobe: shusha kwanza, kufunga baadaye

Wadau mnaoanza Linux, hasa wa Debian na Ubuntu, naona wengi mnabonyeza apgredi halafu mnakodolea macho ile asilimia masaa yote. Apgredi ni kazi mbili, kushusha vifurushi (faili za programu) na kuvifunga (yaani install), na neti inatakiwa kwenye kushusha tu, sasa kwa nini uzifanye kwa mkupuo mmoja wakati laini yenyewe inakatakata?

Kwanza piga hesabu. Mbps 1 (megabiti kwa sekunde, ndo kasi ya laini) siyo MB 1 kwa sekunde, ni KB 125, maana biti 8 ndo baiti 1. So GB 1 inakula masaa mawili na ushee, hapo laini haijayumba (na itayumba tu).

Ukishapiga sudo apt update kwenye terminal (inasoma upya orodha ya vifurushi), fuata na sudo apt full-upgrade -d. Hiyo -d inaiambia ishushe tu isifunge kitu, unaiacha usiku ukalale. Mzigo unakaa /var/cache/apt/archives, na faili lililokatikia njiani linabaki humo humo kwenye folda ya partial, neti ikirudi unarudia amri ileile na kwa kawaida inaendelea ilipoishia. Kama kuna wenzio kwenye laini hiyo hiyo na soosi zako (anwani ambazo apt inashushia vifurushi) ni za http, ongeza -o Acquire::http::Dl-Limit=50, itashusha kwa KB 50 kwa sekunde wasije wakakununia bure. Ila usipige apt clean kabla hujafunga, inafagia vyote. Na mzigo ukishakamilika usirudie apt update, unaweza kukuta matoleo mapya yameingia ukaanza kushusha tena. Piga amri ileile bila -d, chaja iwe imechomekwa, neti hata ikiwa imezimwa fresh tu.

Wa kushusha ISO nzima (faili moja la kufungia mfumo mzima), achaneni na brauza. Tumia wget -c (amri ya kushusha, -c inaendeleza ilipokatikia), au torenti, mimi napenda torenti kwa sababu inahakiki kipande kimoja kimoja na kilichoharibika inakishusha upya hicho tu. Kwa wget piga sha256sum, inatoa namba ya kuhakiki faili, ulinganishe na namba za kwenye tovuti yao kabla hujachoma kwenye flashi.

Kama mashine iko mbali unaingia kwa SSH (kuiendesha kwa amri kupitia neti), fungua tmux kwanza, programu inayoshikilia kazi hata ukikatika, ndo uanze kufunga. Laini ikikata kazi inaendelea kule kule, ukirudi unapiga tmux attach. Uliyeanza bila tmux ikakatikia katikati, jaribu sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt -f install.