Fidla Moja Inatosha: Jibu kwa Swali la Wiki

Mmeuliza ni mtunzi gani wa kale anayesikika zaidi katika muziki wa leo. Ni Bach, wala sioni wa kubishana naye. Ila kila mara sababu inayotajwa ni kwaya na kinanda cha kanisani. Mimi naishikilia hati yake ya 1720: sonata tatu na partita tatu (partita ni mfululizo wa vipande vya ngoma) za fidla peke yake, hasa Ciaccona, ngoma ndefu inayofunga partita ya D maina (D minor). Linaloniuma ni waliotaka kuiongezea piano.

Ciaccona ina vipimo zaidi ya 250 vya mapigo matatu, vyote vimesimama juu ya besi fupi inayorudi tena na tena. Fidla ina nyuzi nne, G, D, A na E, zilizopangwa juu ya daraja lililopinda, kwa hiyo upinde hauwezi kuzishika zote kwa pamoja. Sauti nne hugawanywa: huanza nyuzi za chini, G na D, kisha upinde hupinduliwa kwenda A na E. Anayekandamiza ili azipate zote kwa mara moja hupata mkwaruzo, na besi humpotea. Kuanzia kipimo cha 89 hadi 120 Bach ameandika sauti zilizopandana tu na neno arpeggio, yaani zipigwe moja baada ya nyingine. Namna ya kuzitawanya ni kazi ya mpigaji. Zile sauti ambazo fidla haiwezi kuzishikilia, sikio hulazimika kuzikumbuka. Utamu wake umo humo.

Karne iliyofuata mtunzi Mendelssohn akaja na sehemu ya piano ya kuisindikiza Ciaccona, naye mtunzi Robert Schumann akazitungia kazi zote sita sindikizo la piano. Wakajaza kile ambacho sikio lilikuwa linakijaza lenyewe.

Mtunzi Brahms ndiye aliyeelewa. Mwaka 1877 aliihamishia Ciaccona kwenye piano kwa mkono wa kushoto pekee, oktava moja chini, akamtumia Clara Schumann, mpiga piano na mjane wa Schumann. Angeweza kutumia mikono miwili, lakini sauti zingeshikwa zote bila taabu. Kwa mkono mmoja kiganja lazima kiruke: vidole vya chini vinagusa besi, pedali inaishikilia, kidole gumba kinakimbilia sauti ya juu. Mpigaji akichelewa kukanyaga pedali, besi inakatika. Akichelewa kuiachia, D maina yote inageuka uji. Ugumu ni ule ule wa upinde, na Brahms mwenyewe alimwandikia Clara kwamba kwa njia hiyo alijihisi kama mpiga fidla. Clara naye siku hizo alikuwa ameumia mkono wa kulia akivuta droo! Zawadi ikamkuta na mkono ule ule ulioandikiwa.

Lakini kadiri ninavyoandika, Mendelssohn ananilegeza. Mwaka 1840, huko Leipzig, yeye ndiye aliyekaa kwenye piano mpiga fidla Ferdinand David alipoipiga Ciaccona mbele ya watu. Na David huyo huyo alichapisha kazi zote sita mwaka 1843 kwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Leipzig, maandishi ya Bach yakiwa pamoja na alama zake. Mpiga fidla Joachim, kijana aliyelelewa kimuziki na watu hao, ndiye baadaye aliyeizoesha Ulaya kuisikia bila piano. Mpiga fidla Ysaÿe alitoa sonata zake sita za fidla peke yake mwaka 1924, na mtunzi Bartók akamwandikia mpiga fidla Menuhin nyingine mwaka 1944, ikifunguliwa na Tempo di ciaccona (kwa mwendo wa ciaccona). Hakuna aliyeweka sindikizo.

Basi shukrani namtolea Mendelssohn, ingawa Brahms ndiye ninayemsikiliza. Sharti langu ni moja: sehemu ile ya piano ifundishwe kwenye darasa la historia, jukwaani apande mwenye fidla peke yake.